Prednisoloni isikatwe ghafla kabla ya upasuaji

Mhariri,

Wagonjwa wengi wanaotumia prednisoloni, dawa ya jamii ya steroidi, kwa ajili ya pumu au baridi yabisi huiacha wenyewe wakishapangiwa upasuaji, wakihofia kidonda hakitapona. Hofu hiyo ina msingi, maana dawa hii ikitumika muda mrefu hulegeza ngozi na kuchelewesha mshono kushika. Lakini kuikata ghafla kunaweza kuua.

Tezi zilizo juu ya figo hutengeneza kortisoli, homoni inayosaidia kushikilia presha mwili unapoumia. Prednisoloni hufanya kazi kama homoni hiyo, hivyo mtu mzima aliyeimeza miligramu 5 au zaidi kila siku kwa wiki nne, tezi zake huenda zimezubaa, na huchukua hata miezi kurudia kazi. Akipasuliwa bila dawa, presha inaweza kuporomoka na dripu zisiipandishe. Wasiojua historia yake watahangaika kutafuta damu inakovujia, ilhali kilichopungua ni kortisoli.

Kinga yake haina gharama kubwa. Kidonge cha asubuhi ya upasuaji kimezwe kwa maji kidogo, hata kama mgonjwa amezuiwa kula. Kwa upasuaji mkubwa, mtu mzima huchomwa haidrokotisoni, yaani kortisoli ya dawa, miligramu 100 kwenye mshipa anapopewa nusukaputi, kisha 200 kwa saa 24, kwa dripu au 50 kila baada ya saa sita, mpaka aweze kumeza. Hapo dozi yake ya vidonge huongezwa maradufu kwa saa 48, ndipo arudie ya kawaida.

Kinachotutia wasiwasi zaidi ni steroidi zisizotajwa. Mkorogo wenye klobetasoli, steroidi kali ya kupaka, ukipakwa mwili mzima kwa miezi hupenya hadi kwenye damu na kuzilaza tezi zilezile. Mgonjwa akiulizwa anameza dawa gani, hujibu hamezi, na anasema kweli. Aulizwe faraghani, bila kukaripiwa, anapaka nini, anavuta dawa gani ya pumu, alichomwa sindano gani za magoti. Fomu ya maandalizi iwe na mstari wa maswali hayo.

Deksamethasoni, steroidi nyingine, miligramu 4 hadi 8, inayotolewa mara moja kuzuia kutapika, ni jambo jingine, isikataliwe. Ichomwe mgonjwa akishalala, kwa kuwa aliye macho hupata mwasho mkali sehemu za siri. Mwenye kisukari apimwe sukari mara kwa mara kwa saa 24 zinazofuata, maana itapanda.

Wataalamu wa usingizi na ganzi,
Morogoro