Wageni waambiwe habari za akina mama wa All Saints

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako niwafikie waongoza watalii wenzangu, na wote wanaopanga safari za wageni jijini Nairobi, kuhusu Kanisa Kuu la All Saints.

Ratiba zetu zinafanana. Alfajiri ni Mbuga ya Wanyama ya Nairobi, kisha ndovu yatima, kisha twiga kule Lang'ata, na jioni nyama choma. Sina ugomvi na wanyama. Hao ndio walionisomeshea watoto. Lakini kanisa hili, lililo pale Kenyatta Avenue inapokaribia Uhuru Highway, mgeni huonyeshwa akiwa ndani ya gari: "Lile ni kanisa la zamani la Waingereza." Gari halisimami. Kampuni moja niliyoifanyia kazi iliniambia wazi kwamba makanisa hayauziki.

Mimi huwashusha wageni. Tukiingia nawaacha waketi kwanza kwenye mabenchi, kimya, mpaka macho yazoee. Kuta ni za mawe ya kuchonga, matao yamepanda juu na kuchongoka, na jua likipiga vioo vya rangi, mabaka mekundu na ya buluu hulala sakafuni na kusogea taratibu kadiri saa zinavyokwenda. Watu wengi hunyoosha mkono waguse jiwe. Nawaambia waguse.

Habari za ujenzi hazinichukulii muda. Aliyelichora ni Temple Moore wa Uingereza. Jiwe la msingi liliwekwa na gavana Henry Belfield mwaka 1917, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa bado vinapiganwa. Moore alifariki 1920, na kazi haikukamilika hadi 1952, mwaka uleule serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari nchini. Wenzangu wengi, hata wale wanaoingia ndani, huishia hapo. Hapo ndipo pananiuma.

Tarehe 28 Februari 1992, akina mama wa wafungwa wa kisiasa, wengi wao wazee kutoka mashambani, waliketi katika bustani ya Uhuru Park pamoja na Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira, wakagoma kula. Miongoni mwao alikuwa Monica Wangu, mamake Koigi wa Wamwere, mwanasiasa aliyekuwa gerezani. Kifungu cha 2A cha katiba, kilichoifanya Kenya nchi ya chama kimoja, kilikuwa kimefutwa Desemba iliyotangulia na vyama vingi vimeruhusiwa. Wakauliza kwa nini vijana waliofungwa kwa kudai mageuzi hayohayo bado wako gerezani. Tarehe 3 Machi polisi wakawavamia kwa virungu na gesi ya kutoa machozi. Wangari akapigwa hadi akazimia. Baadhi ya wale mama wakavua nguo mbele ya askari. Mkenya hahitaji kufafanuliwa uzito wa jambo hilo: mama mzee kumvulia mtu nguo ni laana. Mgeni namweleza polepole, kwa heshima.

Walipofukuzwa bustanini walikimbilia All Saints, jirani tu, wakapewa hifadhi katika chumba kilicho chini ya kanisa. Walidhani ni kwa siku chache. Wakakaa humo karibu mwaka mzima, wakilala na kuomba, polisi wakiwawinda, hadi mwanzoni mwa 1993 wana wao walipoachiliwa, karibu wote.

Miaka michache baadaye, Saba Saba ya 1997, yaani tarehe 7 Julai, polisi waliingia kanisani humohumo wakapiga watu waliokuwa wakidai katiba ibadilishwe. Kasisi Timothy Njoya alikuwa miongoni mwa waliopigwa.

Kuna familia kutoka Kitale niliyoitembeza walipokuja kwenye mahafali ya binti yao. Nyanya alisikiliza habari za gavana na za mawe bila neno. Nilipofika kwa akina mama aliniuliza, "Walikuwa wanapika wapi?" Nikakosa jibu. Akanieleza yeye jinsi walivyokuwa wakiwaombea kijijini kila Jumapili mwaka ule, huku mjukuu aliyekuwa akivishwa kofia ya digrii kesho yake akisikia hayo kwa mara ya kwanza. Binti amesoma Nairobi miaka yote hiyo, na matatu yake ilipita hapo.

Kwa hiyo ombi langu kwa kampuni za utalii ni saa moja tu. Mchukue mgeni All Saints, mwende naye kwa miguu hadi Uhuru Park mahali walipoketi, na kama miguu inaruhusu mfike Holy Family Basilica katikati ya jiji, kanisa lililobuniwa na mwanamke, Dorothy Hughes, na kukamilika 1963. Shule zinazoleta wanafunzi kuona bunge na makavazi zifanye vivyo hivyo. Tuulize kwanza saa za ibada, tuvue kofia, tusipige picha watu wakiwa katika maombi.

Kisha nina ombi kwa wakazi wa Nairobi. Miongoni mwenu wapo mliowapelekea wale akina mama chakula na mablanketi mwaka 1992, mliokesha nao, mlioimba nao kule chini. Tafadhali andikeni kwenye ukurasa huu, hata mistari mitano. Swali la yule nyanya bado ninalo, na wapo wageni watakaoliuliza tena wiki ijayo.

Mwongoza watalii,
Nairobi