Usivuke Ijumaa

Wete, Pemba

Kwa sahibu yangu,

Asalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Sisi huku hatujambo, na mama anakusalimu sana. Nakuandikia kuhusu ile safari yako ya mashua ya kuleta mabati huku Pemba kutoka Mkokotoni, Unguja, ambayo nakuomba uiahirishe.

Utabiri wa jana usiku wa Mamlaka ya Hali ya Hewa umetaja mgandamizo mdogo wa hewa ulio kaskazini mwa Madagaska, na ukanda wetu umepakwa rangi ya chungwa Ijumaa na Jumamosi. Juzi ilikuwa njano, yaani angalizo tu. Chungwa ni tahadhari, na mbele yake imebaki nyekundu. Najua utanijibu kwamba tangazo linasema "baadhi ya maeneo", maneno ambayo kila mmoja wetu huyasikia kama yanamhusu jirani. Lakini wewe unataka kupita mkondo wa Nungwi, ambako upepo ukipambana na maji ya mkondo, bahari huchafuka hata pasipo kimbunga.

Wazee wa barazani wanashikilia kwamba vimbunga havifiki kwetu, na hawakukosea sana, kwani tuko nyuzi tano tu kusini mwa ikweta, na huko nguvu ya mzunguko wa dunia inayousokota upepo ni dhaifu. Aprili 2021 kimbunga Jobo kilififia kabla ya kugusa pwani, tukacheka. Mei 2024 kimbunga Hidaya kikafika Mafia, na wenzetu wa kule hawakucheka. Tena usisahau mwaka 1872, kimbunga kilipoangusha mikarafuu ya Unguja, huku ya Pemba ikinusurika. Nusu ya kiburi chetu cha karafuu kimetokana na msiba wenu.

Leo alfajiri nilishuka diko nikawakuta wavuvi wameziburura ngalawa hadi juu ya mstari wa mwani mkavu ulioachwa na bamvua lililopita, yaani maji makuu ya bahari. Nahodha mmoja mzee hakuridhika, akaamuru yake ivutwe hatua kumi zaidi, kwa kuwa bamvua jingine litaangukia siku hizo hizo za upepo. Redio anayo, ingawa hujifanya haisikilizi.

Mabati yako basi yabaki ghalani. Fundi nimeshamwambia asubiri, na banda la jikoni nimelifunga kwa kamba za usumba. Chungwa ikiondoka na mawimbi yakatulia, nipigie simu kabla ya kupakia.

Wasalaam,
Ndugu yako wa Wete