Vipande 200 kwenye boksi havifungui nati

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua niseme jambo kuhusu huu ushauri unaorudiwa kila mahali, na hata kwenye gazeti lako umetoka, kwamba mwenye gari akitaka kuanza kujifanyia sevisi ndogo ndogo nyumbani aende akanunue boksi kubwa la vifaa, vipande 150 au 200 na kuendelea, halafu ndo basi kamaliza. Kiukweli huo ushauri unamsaidia muuzaji kuliko mwenye gari.

Hebu fungua hayo maboksi uhesabu mwenyewe. Utakuta karibu nusu ni vile vichwa vidogo vya bisibisi vya kuchomeka, kila kimoja kinahesabiwa kipande. Alen kii (vile vifunguo vya pembe sita vilivyopinda) nazo zinahesabiwa moja moja, adapta ni kipande, mpini ni kipande. Halafu kuna soketi (vile vikombe vya chuma vya kuvalisha juu ya nati) namba 4, 4.5, 5 na 5.5, yani milimita, ambazo kwenye sevisi ya kawaida ya gari hutazigusa, na juu yake unaongezewa safu nzima ya soketi za inchi wakati gari lako lote ni la milimita. Yani umelipia vitu vya kukaa kwenye boksi tu vikipendeza. Na soketi namba 10 unayoihitaji kila siku iko moja peke yake, na hiyo ndo inayopotea kuliko zote, sijui huwa zinaenda wapi, nunua ya akiba mapema.

Mi naona mtu aanzie kwenye gari lake, sio dukani. Fungua boneti, angalia boliti zilizopo, soma na kitabu cha gari kama unacho. Magari mengi ya Japani yanakwenda na namba 8, 10, 12, 14, 17 na 19, na nati za tairi kwa Toyota nyingi ni 21, Honda nyingi ni 19. Ukiwa na gari la Ulaya hadithi inabadilika, utakutana na 13, 16 na 18, pamoja na boliti za kichwa cha nyota na za alen kwa wingi, na Volkswagen nyingi boliti za tairi ni 17. Sasa fikiria kazi zenyewe ambazo mtu anazifanya nyumbani: kumwaga oili na kubadili filta, plagi, betri, breki padi, balbu. Kwenye Toyota ya kawaida terminal za betri ni 10, boliti ya kumwagia oili mara nyingi ni 14, za kalipa (kile kinachobana breki padi) mara nyingi ni 12 au 14, tairi 21, plagi unahitaji soketi yake ndefu ya 16 au 14 kutegemea injini. Ukizijumlisha hazifiki hata saizi 8, na pesa uliyotaka kununulia vipande 200 ukiiweka kwenye hizo chache utapata za kukaa nazo miaka.

Sasa uzuri wa soketi unaujuaje? Watu wanaangalia maandishi, wakiona imegongwa "chrome vanadium", yani jina la chuma kizuri cha vifaa, wanaridhika, wakati kugonga maandishi kwenye chuma kila mtu anaweza. Ichukue soketi uitazame kwa ndani kwenye mwanga. Kwanza hesabu kona, kama ni 6 au 12. Ya kona 6 inaishika nati kwenye ubapa wake, ya kona 12 inashika karibu na kona za nati, kwa hiyo nati ikiwa na kutu au imeshaanza kulika, ya kona 12 ndo inamalizia kuifanya duara, na ukishafika hapo kazi ya dakika kumi inakuwa ya siku nzima na patasi na matusi. Pili angalia ukuta wa soketi, unene uwe sawa pande zote, za hovyo unakuta upande mmoja mnene na mwingine mwembamba na huo mwembamba ndo utapasuka. Tatu ivalishe kwenye boliti ya saizi yake uizungushe kidogo kwa vidole, ikicheza cheza sana iache hapo hapo. Na kama kromu yake ina malengelenge au imeanza kubanduka usichukue, kromu ikibanduka inakata mkono kama wembe.

Kuna na hizi soketi nyeusi. Zile zinatengenezwa kwa ajili ya mashine ya kufungulia nati kwa kugonga gonga, kawaida kwa chuma cha kromu na molibdenamu ambacho kinavumilia kupigwa pigwa, wakati zile za kung'aa ni ngumu zaidi lakini zinavunjika ghafla. Usifunge ya kung'aa kwenye mashine, kipande kikiruka kinaelekea usoni. Kama unatumia mkono tu, ya kung'aa inatosha kabisa, hamna haja ya kulipia nyeusi.

Racheti, yani mpini wa kuzungushia soketi, nayo ina mambo yake. Ile yenye meno 24 inahitaji uuvute mpini digrii 15 ndo ishike jino linalofuata, ya meno 72 inahitaji digrii 5 tu, na pale nyuma ya injini ambapo mkono wenyewe unaingia kwa kujipinda, hizo digrii 10 za tofauti ndo zinaamua kama kazi inafanyika au haifanyiki. Kwa mtu anayeanza ningemwambia achukue racheti ya 3/8, yani ya pua ya milimita 9.5, hiyo inafanya kazi nyingi za injini na breki, halafu kwa tairi na boliti kubwa aongeze mpini mrefu wa pua ya nusu inchi usio na racheti. Huo mpini ndo wa kulegezea boliti iliyogoma. Watu wanachukua bomba wanalivika kwenye racheti wananing'inia, yale meno ya ndani hayakutengenezwa kwa hilo, yakisagika mpini unaruka na vidole vyako vinakutana na bodi la gari, alafu mtu analalamika vifaa ni feki. Vingine ni feki kweli, sikatai, ila vingine vinaonewa.

Spana za kawaida nunua zile zenye ringi upande mmoja na mdomo wazi upande mwingine, na boliti ngumu uianze kwa upande wa ringi siku zote. Spana malaya (mhariri samahani, ndo jina linalojulikana), ile ya kupanua na kubana mdomo, ni kifaa cha dharura, ukilazimika kuitumia ivute kuelekea upande wa taya linalosogea ili nguvu ikae kwenye taya lililo imara, na kaza lile gurudumu lake mpaka isicheze. Nati za mabomba ya breki usiziguse nayo kabisa, ni laini mno, zile zina spana yake ya ringi iliyokatwa mdomo, mara nyingi namba 10.

Bisibisi watu wanazidharau sana. Ya stari (mkato wa msalaba) namba 2 iwe nzuri, hiyo ndo utakayoitumia kuliko zote. Na ukiona skrubu kwenye gari la Japani ina kidoti kidogo kichwani, ujue mkato wake sio sawasawa na stari ya kawaida, bisibisi ya kawaida haikai mpaka chini, inapanda juu na kuukwangua mkato, kuna bisibisi za mkato wa Kijapani na zinafaa hata kwenye stari nyingine.

Pa kubana pesa ni kwingine. Nyundo yoyote yenye mpini imara, brashi ya waya, faneli, beseni la kumwagia oili, bakuli la kuwekea nati, taa, hivi vyote chukua vya bei poa au tumia ulivyonavyo. Na usiogope vifaa vilivyotumika. Spana ya zamani ya chuma kizuri inaipita mpya ya hovyo mara kumi, ila ikague: mdomo usiwe umepanuka, isiwe na alama za kugongwa nyundo, na racheti iminye kwa nguvu pande zote mbili usikilize kama inaruka jino.

Pasipo na kubana kabisa ni jeki na stendi zake, yani miguu ya chuma ya kulishikilia gari ukishalinyanyua. Hapa mi huwa nakasirika kabisa nikiona mtu ana boksi la kung'aa la vipande 200 halafu analala chini ya gari lililoshikwa na jeki ile ya kwenye buti. Ile ni ya kubadilishia tairi basi. Hata jeki ya mafuta, sili yake ikichoka inashuka, wakati mwingine polepole na wakati mwingine kwa mkupuo. Tofali za uwazi nazo zinapasuka bila kutoa taarifa. Nunua stendi mbili, soma vizuri kama tani zilizoandikwa ni za stendi moja au za pea, maana nyingi ni za pea, angalia uchomeleaji, weka kwenye sakafu ngumu iliyo sawa, zuia matairi yaliyobaki chini, halafu litikise gari kabla hujaingia. Kama pesa inatosha kitu kimoja tu kati ya stendi na soketi, nunua stendi, soketi utaazima.

Spana ya toku, ile inayopima nguvu ya kukazia, wengi wanaiona anasa. Angalau azima. Boliti ya kumwagia oili ikikazwa kwa hasira inakula nyuzi za sampu (karai la oili chini ya injini), na sampu nyingi siku hizi ni za alumini, hapo umeokoa hela ya fundi kwenye oili ukaenda kuilipa kwenye sampu. Nati za tairi kwenye Toyota nyingi ndogo ni nyutoni mita 103 (ndo kipimo cha nguvu ya kukazia), ya kwako iangalie kwenye kitabu, kuna watu wanazikaza kwa kuzirukia na mguu. Toku nzuri inakosea si zaidi ya asilimia 4 hivi, lakini usiitumie kufungulia, na ukimaliza irudishe kwenye kipimo chake cha chini ndo uiweke, springi ikikaa imebanwa inadanganya.

Najua kuna watakaosema boksi kubwa ukigawa bei kwa vipande linatoka rahisi. Sawa, ila gawa kwa vipande utakavyovishika mwaka huu uone. Na ambaye ameshalinunua asilitupe, alitumie tu, saizi itakayoanza kuteleza, na itakuwa 10, 12 au 14, ndo aende akanunue moja nzuri ya kona 6 ya kuziba pengo, hivyo hivyo moja moja mpaka boksi lijigeuze lenyewe.

Ni mimi msomaji wako,
Fundi wa nyumbani