Chaneli za watoto nazo ziwe na saa ya kulala

Ndugu Mhariri,

Makala mliyochapa juu ya vipindi vya mazungumzo, kwamba vinawafunza watoto lugha chafu kwa kurushwa wakati familia nzima iko sebuleni, ina ukweli ndani yake, ila naona mwandishi amemwacha mwizi akamkamata mpita njia. Kipindi cha mazungumzo, hata kiwe cha kipuuzi namna gani, kina mwisho: mtangazaji huwashukuru wageni wake, huaga, muziki hupigwa, na mtoto aliyekuwa akisikiliza pembeni huelewa kwamba shughuli imekwisha. Kinachonitia wasiwasi mimi ni chaneli ya watoto isiyoaga.

Ipo moja tunayoitazama nyumbani. Katuni inapokaribia tamati, majina ya walioitengeneza hubanwa kwenye kona ya kioo, na kabla hayajapita yote, sehemu iliyobaki imekwishaanza kuonyesha katuni inayofuata. Mwanangu wa miaka minne, ambaye tumekubaliana naye kwamba tutazima "ikiisha", hunitazama kwa mshangao wa kweli ninapoishika rimoti, kwa sababu machoni pake haijaisha, na nikisema haki, yuko sahihi. Kwa muda mrefu nilidhani huo ni ukaidi wake, kumbe ni kazi ya mpanga ratiba.

Mambo hayakuwa hivi tangu mwanzo. Nchini Uingereza, hadi Februari 1957, televisheni ilisimamisha matangazo yake kuanzia saa 12 jioni hadi saa 1 usiku ili wazazi wapate kuwalaza wadogo. Utaratibu huo uliondolewa baada ya kuingia televisheni ya biashara mwaka 1955, ambayo kwayo saa nzima ya kioo cheusi ilikuwa saa nzima bila mapato. Sidai turudi huko. Hata hivyo, BBC ilipoanzisha CBeebies mwaka 2002 kwa ajili ya watoto wadogo, iliipangia kufunga saa 1 usiku, na kabla ya kufunga mtu huketi akawasomea watoto hadithi ya kulalia. Shirika la Afya Duniani nalo lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa miaka miwili hadi minne asikae mbele ya kioo zaidi ya saa moja kwa siku, na sidhani kama chaneli inayojinadi kuwa ni ya umri huo huo haijausikia ushauri huo.

Nitajibiwa kwamba rimoti iko mkononi mwangu. Ni kweli, na huitumia. Lakini redio ya utotoni mwangu ilikuwa ikiwasaidia wazazi bila kuombwa: baada ya kipindi cha watoto ilifuata taarifa ya habari, na hakuna mtoto aliyehitaji kuambiwa ainuke.

Ninachoomba si kikubwa: majina yaachwe yapite hadi mwisho, kuwe na mtangazaji wa kuwaaga watoto, na chaneli ifunge jioni. Katika ratiba mnayoichapa, safu ya chaneli hiyo ina neno moja tu, "Katuni", kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 6 usiku, nami ningependa aliyeipanga atueleze ni mtoto gani anayemtarajia saa 5 usiku.

Mzazi na msomaji wenu