Mzuie Fundi Kwanza

Pangani, 14 Juni

Shoga yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Natumai u mzima wewe na watoto, na shemeji naye hajambo. Sisi huku tu wazima, Alhamdulillahi. Masika yamekwisha, upepo wa kusi umeshika, na usiku tunajifunika.

Ama baada ya salamu, picha za nyumba ya marehemu bibi yako nimezipata. Nimezitazama moja moja, hasa ile ya ukuta wa ukumbini, ule unaopakana na uani. Unga mweupe nimeuona, na lipu iliyofura kama andazi pia nimeiona. Tena nimesoma kwamba mifuko minane ya saruji imeshashushwa barazani na fundi anaanza Jumatatu. Ndiyo maana nimekaa kukuandikia leo hii hii, kwa kalamu, nami kurasa hizi nitazipiga picha nikurushie zikufikie kabla hajafika na karai lake. Mzuie. Mlipe ya siku moja kama itabidi, lakini saruji isiguse ukuta ule kabla hujajua maji yanatoka wapi.

Nasema hivi kwa sababu nilishafanya hilo unalotaka kufanya. Mwaka ule mama alipofariki niliikuta nyumba yetu hii katika hali hiyo hiyo. Nikaona aibu wageni wa arobaini kukaa mbele ya ukuta unaopukutika. Nikaita fundi, akabandua, akapiga lipu ya saruji nzito, juu yake nikapaka rangi ya mafuta, ya kijani. Ikapendeza kweli. Masika yaliyofuata, usiku mmoja wa mvua, nikasikia kishindo ukumbini. Kipande kirefu kama kitanda cha mtoto kilikuwa chini. Nilipokigeuza, nyuma yake kilikuwa kimeng'ang'ania chokaa ya wazee na vijiwe vya matumbawe. Kilivyong'oka kiling'oka na nyama ya ukuta. Nikaweka kiganja pale kilipotoka. Palikuwa baridi na palilowa, na panatoa harufu ya kisima. Maji yalikuwa mle ndani wakati wote, sisi tumeyafungia mlango tu.

Nyumba zetu hizi, yako ya Bagamoyo na yangu hii, hazikujengwa kama za matofali ya siku hizi. Ukuta ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na mchanga, unene wake karibu nusu mita, na mengi ya mawe yale yana vitundu. Ukuta huo hunywa maji na kuyatoa. Mvua ikinyesha hulowa, jua likitoka hukauka, na umekaa miaka mingi ukiishi hivyo. Ukiupiga saruji unakuwa umeuvisha koti la mpira. Maji yanayopanda kutoka ardhini yanakosa pa kutokea, yanazidi kupanda kutafuta upenyo, na chumvi iliyomo inaganda nyuma ya lipu, inavimba, inaisukuma. Tena saruji ni ngumu kuliko jiwe lililo nyuma yake. Ukuta ukitikisika kidogo tu, saruji inapasuka, na ufa ule unaingiza maji zaidi. Mafundi wanaokarabati nyumba za Mji Mkongwe, Unguja, ule ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, kila siku wanahangaika na kuta zilizoharibiwa namna hii na watu waliokuwa na nia njema.

Kwa hiyo kazi yako ya kwanza haihitaji hata mwiko. Chukua kipande cha nailoni safi, ya kuona ndani, kama nusu mita kwa nusu mita. Futa unga pale ukutani kwa brashi kavu. Usiuoshe kwa maji, kwa sababu chumvi itayeyuka irudi ndani. Kisha bandika nailoni kwa selotepu pana pande zote nne, pasibaki upenyo. Iache siku mbili. Ukikuta matone upande wa ukutani, maji yanatoka ndani ya ukuta. Ukikuta umande upande wa chumbani, basi ni hewa ya nyumba yenyewe, madirisha yamefungwa muda mrefu na mvuke wa jikoni hauna pa kwenda. Nikikisia kwa ile picha, yako ni ya ukutani. Lakini nisikuamulie, acha nailoni iseme.

Halafu toka nje, uzunguke nyumba taratibu, ikiwezekana mvua ikinyesha. Mimi nilizunguka na mwavuli na kipande cha chaki. Kwanza nilitazama gata. Lilikuwa limejaa majani ya mwembe, maji yanafurika nyuma yake na kuteremka ukutani, na bomba la kushushia lilikuwa linamwaga pale pale kwenye msingi. Kisha nikatazama ardhi. Hapa ndipo nilipopata jibu. Miaka ya nyuma tulimwaga zege uani tupate pa kuanikia nazi na kufulia, na kila mara tukiongeza juu ya lile la zamani. Nikachukua pimamaji, nikapima kutoka kizingiti cha mlango: sakafu ya uani ilikuwa imepita ya ukumbini kwa upana wa vidole vinne, na imeinamia nyumba. Kila ndoo ya maji ya kufulia ilikuwa inakwenda kunywewa na ukuta wa mama. Alama ya unyevu ndani iliishia usawa wa kiuno changu. Nilikaa pale barazani nikalia, nikikumbuka alivyokuwa akiusugua ukuta ule kila Ijumaa kwa kitambaa cha maji, akidhani ni uchafu.

Picha yako ya uani inaonyesha zege limefika ukutani, na karo la kufulia lipo kona ile ile. Anzia hapo.

Dawa yake mimi na mpwa wangu tuliifanya wenyewe kwa tindo, nyundo na sururu. Tulivunja zege kandokando ya ukuta, upana wa nusu mita, tukachimba mfereji mpaka chini kidogo ya usawa wa sakafu ya ndani. Usichimbe kufikia chini ya msingi, shoga yangu, misingi ya nyumba hizi si mirefu. Na chimba kipande kwa kipande, usifukue upande mzima kwa siku moja. Tukajaza kokoto tupu, bila saruji, ardhi ipumue. Karo tukalihamishia ukuta wa choo, bomba la gata tukaliongezea kipande limwage mbali kwenye mfereji. Siku nne. Mikono ilituuma, lakini mvua ya kwanza iliyofuata nilisimama dirishani nikayaona maji yakienda zake.

Ndipo urudi ndani. Lipu iliyofura ibanduliwe, ndiyo, lakini kwa tindo jepesi, na ivuke usawa wa alama ya unyevu kwa nusu mita hivi. Kisha uache ukuta uchi. Hapa ndipo penye mtihani, najua, maana likizo yako ni mwezi mmoja na unataka kuiacha nyumba inang'aa. Ukuta mnene namna hiyo haukauki kwa wiki mbili. Wangu niliuvua Juni, nikaupiga lipu mwishoni mwa Septemba, na katikati nilikuwa nikipitisha brashi kavu kila wiki kuondoa chumvi iliyochomoza, naikusanya kwenye gazeti naitupa mbali. Likizo hii fanya ya maji tu na kubandua. Ya lipu tutaifanya pamoja, mimi nitakuja.

Tutatumia chokaa. Zamani waliichoma wenyewe kutokana na matumbawe, kwa kuni, siku hizi ipo ya mifuko kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Mimi huiloweka kwenye pipa la plastiki wiki nzima, maji yakiwa juu yake, mpaka inakuwa laini kama siagi. Kipimo kimoja cha chokaa kwa vitatu vya mchanga. Na mchanga usiwe wa pwani hata kidogo, utajipaka chumvi upya kwa mkono wako. Agiza wa mto kutoka bara, uuchekeche. Matundu makubwa yatomewe kwanza kwa vijiwe, kisha lipu ipigwe kwa tabaka nyembamba, kila moja isizidi sentimita moja, ukuta ukiwa umerashiwa maji. Tabaka la pili lisubiri mpaka la kwanza ukilibonyeza kwa kucha lisiingie. Chokaa haigandi upesi kama saruji. Inakuwa ngumu kadiri inavyovuta hewa ya ukaa, na kazi hiyo inakwenda polepole, kwa hiyo tutatundika magunia yaliyoloa mbele yake jua lisiikaushe mapema ikachanika. Ikitulia, tunapaka chokaa nyepesi juu. Rangi ya mafuta kwenye ukuta huo ni saruji nyingine tu.

Na miwani ya kazi na glavu nitakuja nazo mbili mbili. Chokaa ikiingia jichoni inaunguza. Ikitokea, maji safi mengi, robo saa na zaidi, kisha hospitali.

Mifuko ile minane usiihuzunikie. Karo jipya litaihitaji, na kile choo cha nje ni cha matofali ya saruji, hapo ndipo mahali pake. Iinue juu ya mbao tu, isilale sakafuni.

Kitu kingine ambacho picha hazikunionyesha ni vichwa vya boriti. Panda ngazi, chukua bisibisi nyembamba, uchome kila boriti pale inapoingia ukutani, hasa juu ya ukuta ule uliolowa. Boriti ya mkoko iliyo nzima ukiichoma itakurudishia mkono. Bisibisi ikizama kama kwenye keki, weka alama na usimruhusu mtoto kulala chini yake. Hilo si la kufanya mwenyewe, wala mimi sikufanya. Nilimtafuta fundi seremala mtu mzima, akaegesha nguzo kwanza, akabadilisha mbili. Umeme pia siugusi. Ile soketi iliyo kwenye ukuta wenye maji ikatwe leo, zima swichi kubwa na umwite fundi mwenye leseni ya EWURA, ile mamlaka ya nishati na maji.

Ule mlango wa mvule unaosema haufungi, tafadhali usiuze. Kwanza tazama bawaba. Nimeona ya juu imelegea. Skrubu zikizunguka bure, watu hutia nene zaidi na kuupasua mwimo. Wewe chonga kijiti cha mti mgumu, kipake gundi ya mbao, kigongee ndani ya tundu mpaka kijae, kikate usawa, uache kilale usiku mmoja. Asubuhi toboa tundu dogo katikati, urudishe skrubu ile ile. Mlango wangu ulinyanyuka kiasi cha unene wa sarafu, na kukwama kukaisha. Ukiona bado unakwaruza, paka chaki kwenye mwimo, funga na ufungue, palipopata weupe ndipo pa kupiga randa. Lakini usubiri mbao ikauke na masika. Ukiipiga sasa ikiwa imevimba, Januari utakuwa na upenyo wa kupitisha panya.

Nitaileta randa ya baba. Unaikumbuka? Ile tuliyoiiba tukiwa darasa la sita kutengeneza rafu ya vitabu, tukakimbizwa. Nilipoifungua mwaka juzi ilikuwa kutu tupu. Niliichezea jioni tatu mfululizo kwenye kinoo na maji kidogo, na jioni ya tatu nikaijaribu kwenye ubao wa msaji wa shamba la miti la Longuza niliokuwa nao. Ukatoka unyoya mmoja mrefu, mwembamba, unapenyeza mwanga, ukajikunja mkononi mwangu. Nimeutia ndani ya msahafu wa mama. Tangu siku ile nina benchi uani, na jiliwa nimelifunga, na kila chombo kina msumari wake ukutani. Nikitoka kazini nikishika kitu hapo hata nusu saa, moyo unatulia. Nataka na wewe uwe na kona kama hiyo kwa bibi. Nyumba ile ilitulea wote wawili, na sipendi kabisa uiache mikononi mwa mtu anayelipwa kwa mfuko anaoufungua.

Bibi alikuwa akituweka barazani na kutupa kila mmoja kashata moja, na mgongo wangu ulikuwa unaegemea ukuta huo huo. Ulikuwa baridi na mkavu.

Nipo tayari wiki ya mwisho ya Septemba, ruhusa nimeshaiomba. Nitakuja na pimamaji, miiko miwili na mpwa wangu akikubali. Wasalimie wote, na dua zangu kwenye kaburi la bibi ukipita.

Nailoni ibandike usiku wa leo, ukishampigia fundi. Kesho kutwa nipigie uniambie ni upande gani umelowa.

Ni mimi shoga yako wa dawati moja.