Anga Lile Halikuwa Lako

Mdogo wangu,

Habari za wewe kuacha kazi nimezipata kwa watu. Hukuniambia, nami sikuuliza. Ndivyo tunavyoishi tangu msiba wa Baba. Nasikia umekodi chumba chenye dirisha kubwa na umeanza kujitambulisha kuwa mchoraji wa mandhari, wa rangi za mafuta. Hongera, na nasema hivyo kwa moyo mweupe. Ujumbe wangu wa simu huufungui, ila ninayoandika hapa unayasoma. Shangazi hajui kutunza siri. Basi nitasemea hapa hapa, na wengine mtuwie radhi.

Hilo dirisha, kama linaingiza jua moja kwa moja, lizibe kwa kitambaa cheupe au hamia ukuta mwingine. Jua likipiga juu ya turubai, kila rangi inaonekana nyepesi kuliko ilivyo, nawe utazidisha giza bila kujua. Ukiipeleka picha sebuleni kwa mtu, inazama. Na matambara yenye mafuta usiyarundike kwenye kona. Mafuta ya kitani, yale yaliyomo ndani ya rangi zetu, hayakauki kama maji. Yanavuta oksijeni ya hewani na kugeuka gumu, na katika kugeuka huko yanatoa joto, hata rundo la matambara linaweza kujiwasha lenyewe usiku watu wamelala. Unaikumbuka ndoo ya bati ya Baba, yenye maji na mfuniko? Uliifanya ngoma utoto wako wote. Haikuwa ngoma.

Kazi yenyewe, sehemu kubwa, ni kubeba. Sanduku la rangi, stendi, chupa ya tapentaini, turubai kavu ya kwenda nayo na turubai mbichi ya kurudi nayo, ambayo huwezi kuikumbatia wala kuifunika. Upepo huikamata kama tanga ukabaki unapigana nayo njiani huku wapita njia wanacheka. Usilalamikie uzito. Kabla ya mwaka 1841, Mmarekani John Goffe Rand alipopata hataza ya tyubu ya bati laini, wachoraji walihifadhi rangi kwenye vibofu vya nguruwe vilivyofungwa kwa uzi. Ukishakitoboa, rangi inaanza kukauka, na kikipasuka sandukuni kazi ya siku imekwisha. Sisi tunafungua kifuniko na kufunga.

Kisha utasimama, watu watakuja nyuma yako, na mmoja atakuuliza kama huna kamera. Mjibu kwa upole. Baba alikuwa anawapa brashi washike, basi wananyamaza.

Ukishaanza, una kama saa mbili. Baada ya hapo vivuli vimehama, na ukiendelea kuvifukuza utaishia na kile Baba alichokiita majua mawili: mti umeangazwa kutoka huku, nyumba imeangazwa kutoka kule, na mtazamaji anahisi kuna uongo asijue uko wapi. Monet, yule mchoraji Mfaransa, alipochora marundo ya nafaka mwaka 1890 na 1891 alikuwa na turubai kadhaa kando yake. Mwanga ukibadilika anaweka hii chini anachukua nyingine. Baba hakuwa na mtu wa kumbebea turubai zote hizo. Alichukua njia ya Constable, mchoraji wa mandhari Mwingereza, ambaye mwaka 1821 na 1822 alikuwa akichora mawingu pale Hampstead, London, na kuandika nyuma ya michoro yake tarehe, saa na upepo ulikotoka. Baba naye aliandika hivyo hivyo, kwa penseli, juu ya mbao ya fremu ya ndani: tarehe, saa, upepo, hali ya mawingu. Kesho yake anarudi saa ile ile. Kama mawingu si yale, anakaa chini anasubiri, au anarudi nyumbani bila kugusa kitu, na Mama anajua asiulize.

Nakuandikia haya kwa sababu nimeona picha zako mpya, na nyingi umezichora kutoka kwenye simu. Usinibishie, inaonekana. Kwenye picha ya simu kivuli ni shimo jeusi. Kisogelee chenyewe, utakuta kina samawati, kina zambarau, na chini ya miti kina kijani kinachorushwa kutoka kwenye majani. Mwaka 2017, wahifadhi wa jumba la makumbusho la Nelson-Atkins kule Kansas City walimkuta kipande cha panzi amekwama ndani ya rangi ya mizeituni aliyoichora Van Gogh mwaka 1889. Baba alicheka habari ile mpaka akakohoa. Akasema huyo panzi ndiye shahidi kwamba mtu alitoka nje. Wewe ulicheka kuliko yeye. Kwa nini sasa unajifungia?

Na usidhani sioni kipaji chako. Kwenye kijani unanishinda, na umenishinda tangu zamani. Wewe ndiye uliyechanganya nyeusi na njano ukiwa mtoto, ukapata ile kijani ya zeituni iliyoiva, na Baba akaacha kununua kijani ya tyubu kwa muda mrefu. Sijawahi kukuambia kwamba nami nachanganya hivyo mpaka leo.

Lakini sasa nifike kwenye ile picha ya mwisho ya Baba, maana haya yote naona ni kuizunguka.

Nilikuwa nimeingia tu, mkoba bado begani. Harufu niliipata kabla sijaona kitu: tapentaini mbichi, na vanishi juu yake. Chumba kile kilikuwa hakijanuka tapentaini kwa muda mrefu, kwa sababu kifua cha Baba kilikuwa hakiiwezi tena. Stendi ilikuwa imegeuzwa ielekee mlangoni. Bonde lilikuwa la Baba, miti ya Baba, ile njia ya udongo inayopinda. Na juu ya ukingo wa mlima, pale alipokuwa ameacha rangi ya udongo peke yake, ya kahawia, nyembamba hata nyuzi za turubai zinaonekana, kulikuwa na anga. Samawati ya kobalti na mawingu. Ulikuwa umesimama dirishani, umenawa mikono, lakini nyeupe ilikuwa imebaki pembeni mwa ukucha wa kidole gumba chako. Ukasema, mbele ya watu wote wale, "Dada, ilikuwa haijamalizika, na deni la matibabu linasubiri." Mnunuzi alikuwa anakuja jioni.

Sikusema neno. Wewe uliichukua kimya changu kuwa ruhusa. Nilikuwa naangalia vivuli. Vivuli vya miti ya Baba vinaangukia kushoto. Jua lake liko kulia, bado chini. Mawingu yako yameng'aa ubavu wa kushoto. Majua mawili, mdogo wangu, ndani ya picha ya mtu aliyetukanya jambo hilo hilo maisha yake yote.

Na kuna la ufundi, ambalo sasa unaishi kwa kazi hii lazima ulijue. Konda chini, nono juu. Tabaka la chini liwe na mafuta machache, la juu liwe na mengi zaidi, kwa sababu lenye mafuta mengi hukauka polepole na hubaki laini kwa muda mrefu. Ukigeuza, la juu linakauka haraka na kuwa gumu huku la chini bado linatembea, na la juu linapasuka. Kwenye anga lenyewe ungesalimika, pale palikuwa pakonda. Ila ulishuka mpaka ukingoni mwa mlima, ukapitisha rangi uliyoilegeza kwa tapentaini juu ya tabaka nono ambalo Baba aliliweka karibuni, na ndani halikuwa limekauka. Halafu ulitumia nyeupe ya zinki, ambayo ndani ya mafuta huwa dhaifu na kuvunjika kadiri miaka inavyokwenda. Nyeupe ya risasi ya Baba ilikuwa sandukuni, chini ya brashi. Halafu vanishi siku hiyo hiyo! Vanishi hungojwa miezi sita, au mwaka kwa rangi nene. Unapoipaka juu ya rangi mbichi inashikana nayo, na atakayetaka kuisafisha baadaye atatoka na rangi pia.

Unasema Baba aliishiwa nguvu. Nimelifikiria hilo sana, na halisimami. Constable aliandika kwamba anga ndilo chanzo cha mwanga na linatawala kila kitu, na Baba aliishika kauli hiyo kama amri. Siku zote alianza na anga, kisha akateremka. Kama nguvu ndizo zilizomwishia, tungekuta anga bila bonde. Tulikuta bonde bila anga. Mtu aliyefanya jambo kwa namna moja maisha yake yote, mara ya mwisho akalifanya kinyume, huyo amekusudia.

Unasema pia kwamba alikuambia uimalizie. Ulikuwa naye peke yako, siwezi kubisha. Lakini alikuambia anga lipi?

Najua utakavyonijibu, maana ulishanijibu mbele ya wajomba: ningekuwepo ningemsikia. Haya. Nilikuwa kule msituni kwa sababu miti ile ilikuwa imeshauzwa na misumeno ilikuwa inakuja. Monet lilimkuta jambo hilo mwaka 1891: miti ya mipoplari aliyokuwa anaichora kandokando ya mto Epte ilipigwa mnada, naye akamlipa mfanyabiashara wa mbao aiache isimame mpaka amalize. Mimi sina fedha za kumlipa mtu wa mbao. Nilichokuwa nacho ni kubaki pale mpaka nimalize. Na nilimpigia Baba, nikamwambia narudi, akasema, "Baki. Mwanga huo haurudi." Hakuna aliyesikia ila mimi, lakini alisema. Na picha za msitu ule, kama umesahau, ndizo zilizonunua dawa za mwisho. Galari iliyoziuza ilichukua nusu ya fedha kama kawaida yao, na nusu yangu yote ilikwenda hospitalini. Wewe ulikaa kitandani kwake, mimi nililipia kitanda. Mtu asiniambie kwamba kimoja kati ya hivyo ndicho upendo.

Hilo la fedha litakupata nawe. Utauza haraka, kwa sababu unajua kuongea na watu na anga zako zinapendeza sebuleni. Turner, Mwingereza mwenzake Constable, naye alipata mapema, akawa mwanachama kamili wa Royal Academy, chama cha wasanii wakubwa wa kwao, mwaka 1802, hajafika hata miaka 27. Constable, aliyezaliwa mwaka mmoja tu baada yake, alionyesha picha yake ya gari la farasi likivuka mto mwaka 1821 na hakuna aliyeinunua pale. Wafaransa ndio waliompa medali ya dhahabu Paris mwaka 1824, na wenzake wa nyumbani wakampa uanachama kamili mwaka 1829, ana miaka 52, mkewe amezikwa miezi michache kabla. Nimekuwa nikimfikiria sana siku hizi. Hakubadilisha mito yake wala mawingu yake ili apendwe mapema. Wanaosema mimi nina kiburi, wewe ukiwa mmojawapo, hawajui gharama ya kukaa mahali pamoja.

Deni lilikuwa la kweli, nakubali, na fedha ya picha ile ililimaliza. Ningeweza kuuza msitu mwingine. Ungenipa wiki chache. Ungeuza hata bonde kama lilivyo, na kahawia yake tupu juu; mchoraji Cézanne aliacha sehemu za turubai wazi kwenye picha zake za mwisho, na watu hawajaacha kuzitazama.

Sikuombi uifute. Haiwezi kufutika bila kulichuna la Baba. Ninachotaka ni kitu kidogo, nimekuomba kupitia shangazi na umenyamaza. Hukuwahi kuigeuza picha ile. Najua, kwa sababu ulikuwa na haraka. Nyuma yake, kwenye mbao, lazima ameandika. Mpigie mnunuzi, mwombe aishushe ukutani na kuiegemeza taratibu, asisukume turubai kwa vidole kutoka nyuma. Kama Baba ameandika habari za mawingu, basi alikusudia kulichora anga, nami nitakunyamazia juu ya anga. Juu ya zinki sinyamazi. Kama ameandika saa na upepo tu, nitakuuliza tena, na safari hiyo nitakuja mwenyewe, chumbani kwako, hata kama hutafungua.

Nitumie picha ya nyuma. Ya mbele usinitumie.

Dada yako.