Breki shuu za foklifti zikaguliwe kabla ya masoko ya tumbaku

Mhariri,

Maghala ya tumbaku hapa Tabora mjini, Urambo na Kaliua yanajiandaa kwa masoko, na foklifti za umeme zilizolala masika nzima zinaanza kuchajiwa. Tunawaomba wasimamizi wasiziingize kazini kabla dramu za magurudumu ya mbele (vikombe vya chuma vinavyozunguka na gurudumu) hazijafunguliwa na breki shuu, yaani vipande vinavyobana dramu kutoka ndani, kukaguliwa.

Tunaambiwa kila mara kwamba mashine ya umeme haili breki. Ni kweli: dereva akiachia pedeli ya mwendo, mota huizuia mashine na kurudisha umeme kwenye betri, hivyo shuu huguswa mara chache. Ubaya unaanzia hapo hapo. Lainingi, yaani tabaka la kusugua lililo juu ya shuu, isipofanya kazi hung'aa kama kioo na kukosa mshiko. Mafuta ya breki hunyonya unyevu, silinda inayosukuma shuu inashika kutu, pistoni inakwama, na dereva hajui kwa kuwa mota inamfichia. Umeme wa mashine ukikatika kwenye rampu, zinabaki shuu peke yake kuzuia mzigo, mashine, na betri ambayo yenyewe inaweza kukaribia tani 1. Hendibreki nayo, kwa mashine nyingi, hubana shuu hizo hizo.

Kwa hiyo kupima unene tu hakutoshi. Lainingi nene iliyolowa oili ya ekseli ni ya kutupa. Ukiiosha kwa petroli, oili iliyozama ndani hurudi ikipata joto. Anzeni na sili (mpira wa kuzuia oili) inayovuja, la sivyo shuu mpya zitalowa vilevile.

Pesa nyingi hupotea kwenye kuagiza. Jina la modeli halitoshi, maana modeli moja inaweza kuwa na dramu tofauti kulingana na namba ya mashine. Mtumieni muuzaji wa Dar es Salaam namba iliyo kwenye kibati, kipenyo cha ndani cha dramu, upana na unene wa lainingi, na picha za shuu pande zote mbili. Agizeni shuu 4 za ekseli nzima pamoja na springi na mipira ya silinda. Kubadilisha gurudumu moja tu kunaivuta mashine upande. Na msikubali lainingi ya lori iliyokatwa: imetengenezwa kwa joto la miteremko mirefu, ambalo foklifti ya ghalani haifikii.

Wakati wa kazi, chomoeni plagi ya betri na mngoje dakika kadhaa, kwani kapasita (vifaa vinavyohifadhi umeme) hubaki na chaji. Wekeni kabari nyuma, inueni mbele, tegemezeni kwa magogo; jeki pekee haitoshi. Fungueni upande mmoja kwanza ili wa pili uwaonyeshe springi zinavyokaa. Skrubu za kurekebishia za kushoto na kulia msizibadilishane, nyingi zina nyuzi zinazopingana. Vumbi lifutwe kwa kitambaa kibichi, lisipulizwe kwa kompresa, maana lainingi za zamani zinaweza kuwa na asbesto. Someni pia kifuniko cha tangi la mafuta ya breki: palipoandikwa DOT 3 au DOT 4 (aina za mafuta hayo) msitie oili ya madini, kwani mipira huvimba na breki zinaganda.

Mkishatoa hewa kwenye mabomba ya breki na kurekebisha shuu, endesheni polepole bila mzigo na kusimama mara kadhaa kwenye sakafu tambarare. Kisha jaribuni hendibreki kwenye rampu, kabari ikiwa karibu na gurudumu na mtu yeyote asisimame upande wa chini.

Mafundi mitambo,
Tabora